Hopsi Zilizokaa Kabatini Mwaka Mzima: Nizidishe Mara Ngapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Njiro, Arusha, napika bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo. Shemeji yangu anayeishi Marekani huniletea hopsi za vidonge (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) akija likizo. Mwaka juzi aliniletea aina ya Magnum, pakiti imeandikwa alfa (asidi za uchungu) asilimia 13. Haijafunguliwa, imenyonywa hewa na ipo friza tangu siku hiyo. Mwaka jana akaniletea Cascade ya asilimia 6. Hiyo niliifungua siku ile ile, nikatumia kidogo, nikakunja mdomo wa pakiti, nikaubana kwa kibanio cha nguo na kuiweka kwenye kabati la jikoni. Resipi yangu inataka Cascade gramu 40 zichemke dakika 60, gramu 20 dakika 10 za mwisho, na gramu 30 zitiwe bia ikishachachuka. Rafiki yangu anasema hopsi zikizeeka unazidisha mara mbili, basi. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako amekosea mara mbili. Kwanza, kwa mwaka mzima kabatini, hesabu ya Cascade yako haidai mara mbili, inadai mara nne. Pili, hata hiyo mara nne sikushauri uifuate. Kazi ya uchungu ipe Magnum ya friza, gramu 20 hivi mahali pa zile 40. Kazi ya harufu inataka hopsi mpya, na kama huna, heri uiache. Kwa nini nasema hivyo, ngoja nikuonyeshe, kwa sababu pakiti ijayo utaipigia hesabu mwenyewe.

Ukivunja ua la hopsi katikati unakuta unga wa manjano unaonata vidoleni. Vidonge vyako ni maua hayo hayo yaliyosagwa na kukandamizwa. Ndani ya unga ule mna vitu viwili vinavyotuhusu: asidi za alfa, ambazo zikichemshwa hubadilika umbo na kuwa uchungu wa bia, na mafuta, ambayo ndiyo harufu. Asilimia 6 iliyoandikwa kwenye pakiti ina maana kwamba katika kila gramu 100 palikuwa na gramu 6 za asidi za alfa siku ilipopimwa. Palikuwa. Karatasi haizeeki, ila kilichomo ndani kinazeeka, na kinazeeshwa na hewa pamoja na joto. Wewe uliipa Cascade yako vyote viwili kwa mwaka mzima, kibanio cha nguo kikishuhudia.

Namna ya kukadiria kilichobaki ilitolewa miaka ya 1990 na Mmarekani Mark Garetz, na wapikaji wa nyumbani wanaitumia mpaka leo. Ukiiona imeandikwa kwa logarithimu inatisha. Mimi naifanya kwa nusu-nusu, kama mtu anayegawa mkate. Kila aina ya hopsi ina tabia yake ya kupoteza alfa ikikaa miezi sita kwenye nyuzi joto 20. Cascade ni kati ya zile dhaifu, hupoteza karibu nusu. Columbus iko kundi hilo, na Saaz ya Wacheki haiko mbali nalo. Magnum, Galena na Cluster ni ngumu, hubakiwa na karibu asilimia 80 kwa muda huo huo.

Kwa hiyo Cascade yako: ulianza na 6. Baada ya miezi sita, 3. Baada ya miezi sita mingine, moja na nusu. Nimechukulia jiko lako liko nyuzi 20 kwa wastani wa mwaka, jambo ambalo kwa Arusha si dhuluma. Mimi niko Dar es Salaam, na kabati langu likiwa nyuzi 30 mambo huenda kasi zaidi ya mara moja na nusu. Cascade iliyo wazi hapa inafika nusu kabla ya miezi minne kuisha.

Ukishajua alfa iliyobaki, kubadilisha kiasi ni hesabu ya darasa la sita. Chukua gramu za resipi, zidisha kwa alfa ambayo resipi iliitarajia, gawa kwa alfa uliyonayo. Arobaini mara 6 ni 240. Gawa kwa 1.5, unapata 160.

Gramu 160 za hopsi kwenye lita 20! Hapo ndipo mtu mzima anapaswa kuweka kalamu chini na kutazama sufuria yake. Majani yote hayo yatakunywa lita nzima au zaidi ya maji yako ya kimea, utakuwa unapika bia ya kuishia kwenye chujio. Lakini hilo ni la mfukoni tu. Kubwa zaidi ni kwamba ile hesabu inajua habari ya alfa peke yake. Haijui alfa zilizopotea zimekwenda wapi.

Na hazikwenda mbali. Sehemu ya asidi za alfa zikikutana na oksijeni hugeuka kuwa kitu kinachoitwa humulinoni, ambacho nacho ni kichungu, karibu theluthi mbili ya uchungu wa kawaida wa bia, na huyeyuka bila hata kuchemshwa. Kuna pia asidi za beta, ambazo kwenye hopsi mpya hazichangii uchungu wowote wa maana; zikizeeka huzaa huluponi, ambazo ni chungu hasa. Kwa hiyo hopsi kuukuu iliyopoteza robo tatu ya alfa haijapoteza robo tatu ya uchungu. Wewe ukizidisha mara nne kufidia alfa, unazidisha mara nne na hivi vingine ambavyo havikuwa kwenye hesabu. Ni kama kuongeza chumvi kwenye mchuzi kwa sababu pakiti ya chumvi imepungua, huku umesahau kwamba ile iliyopungua ilishamwagika humo humo sufuriani.

Haya sikuyasoma tu. Nilipoanza kupika, nilikuwa na pakiti ya hopsi ya zamani, nikapiga hesabu vizuri kabisa, nikazidisha mara tatu na kujiona fundi. Bia ilitoka na uchungu usioondoka. Bia nzuri inakuuma kidogo kisha inakuachia. Ile yangu iling'ang'ania nyuma ya ulimi kama mtu ametafuna majani ya mwarobaini, na juu yake kuna harufu ya jibini. Nilimpa jirani glasi moja, akanywa nusu kwa adabu, akauliza kama ni dawa ya malaria.

Sasa tuje kwa Magnum, maana huko ndiko kuna habari njema. Garetz anaweka mambo mawili yanayopunguza kasi ya kuzeeka. La kwanza ni joto: kila ukishusha nyuzi 15, kasi inakatika nusu. Kutoka nyuzi 20 za kabatini hadi nyuzi 18 chini ya sifuri za friza, kasi inabaki kama asilimia 17. La pili ni mfuko: mfuko wa foili usiopitisha hewa na ulionyonywa hewa unakata tena kasi hiyo nusu. Pakiti iliyofunguliwa au mfuko wa nailoni wa kawaida haukati chochote, maana nailoni ya kawaida inapitisha oksijeni polepole hata ukiifunga mafundo kumi. Ukiunganisha yote mawili kwa Magnum yako ya miaka miwili, alfa iliyobaki ni kama 12. Imepoteza pointi moja tu. Hata ukiongeza kidogo kwa ajili ya siku ambazo umeme ulikatika na friza ikalegea, bado uko kwenye 11 na nusu hivi, tofauti ambayo ulimi wako hautaijua.

Ili uone uzito wa jambo lenyewe, chukua Cascade ile ile na uulize itafika nusu lini. Kwenye kabati la Dar, chini ya miezi minne. Kwenye kabati lako, miezi sita. Ingekuwa friza hata ikiwa imefunguliwa, karibu miaka mitatu. Friza na haijafunguliwa, zaidi ya miaka mitano. Hizi ni namba za fomula, si kiapo, lakini nimeona pakiti za kutosha kuniridhisha kwamba mpangilio wake ni wa kweli.

Basi ile 240 yetu ya juu igawe kwa 12. Unapata gramu 20 za Magnum, safi, bila kuzidisha majani. Sufuria ni ile ile, muda ni ule ule, uzito wa maji ya kimea ni ule ule, kwa hiyo huhitaji kukokotoa IBU, yaani kipimo cha uchungu wa bia, kabisa. Ukitaka kujua tu: kwa maji ya kimea yenye uzito wa 1.050 (maji matupu ni 1.000) yaliyochemka dakika 60, gramu 20 hizo zinakupa kama IBU 28. Zile gramu 20 za Cascade za dakika 10 za mwisho, zingekuwa mpya, zingeongeza kama 5. Ukiamua kutozitia, ongeza gramu 3 au 4 za Magnum mwanzoni ili uchungu wa jumla ubaki pale pale. Pima kwa mizani midogo kama ile ya masonara. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano haifai kazi hii.

Kuna jambo moja ambalo resipi za mtandaoni hazikuambii kwa sababu nyingi zimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Maji yako yanachemka kwenye nyuzi 95 na kidogo, hayafiki 100. Mama zetu wanalijua hili kwa maharage. Kwa hopsi ni vile vile: ule ugeuzaji wa alfa kuwa uchungu unategemea sana joto, na kwenye nyuzi 95 unakwenda kwa theluthi mbili tu ya kasi ya Dar. Dakika zako 60 ni kama dakika 40 zangu. Ukitaka uchungu ule ule uliokusudiwa, ama chemsha dakika 90 (anza na lita moja au mbili zaidi kufidia mvuke), ama baki na dakika 60 na uongeze Magnum kwa kama sehemu moja ya saba, yaani gramu 23 badala ya 20. Mimi ningechemsha dakika 90, ila gesi ni yako, uamuzi ni wako.

Lakini kama resipi hii ulishaipika hapo hapo Njiro, Cascade ikiwa mpya, kwa dakika 60, na uchungu wake ukakupendeza, basi usiguse chochote. Mwinuko tayari umo kwenye kumbukumbu ya ulimi wako. Gramu 20, dakika 60, mwisho. Wapikaji wengi huharibu bia nzuri kwa kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Sasa harufu, na hapa sina fomula ya kukupa kwa sababu haipo. Uchungu ukipungua unaweza kuurudisha kwa namba. Mafuta ya hopsi yakishapeperuka au kuoksidika, kuzidisha gramu hakuyarudishi. Unazidisha tu kile kilichochukua nafasi yao. Cascade inapendwa kwa harufu ya balungi na maua. Ikizeeka kwenye hewa, sehemu za asidi zake hukatika na kutoa asidi ya isovaleriki, ambayo ndiyo ile harufu ya jibini kali na soksi zilizovaliwa siku tatu.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla hujanywa chai wala kuvuta sigara. Toa vidonge vitano, viweke kiganjani, kwanza tazama rangi. Kijani kibichi ni dalili nzuri. Kahawia ya majani makavu ni dalili mbaya. Vivunje kwa kidole gumba, sugua mpaka kiganja kipate joto, nusa. Kama unapata balungi au hata majani mabichi, kuna uhai. Kama ni vumbi tu, harufu imekwenda lakini haijaharibika. Kama ni jibini au samli iliyochacha, umepata jibu. Ukiwa na shaka, tia vidonge vile kwenye kikombe cha maji ya moto yasiyochemka, funika na kisosi dakika kumi, kisha funua na uinamie mara moja. Mvuke hausemi uongo. Na ukionja, onja kidogo.

Ikiwa ni vumbi, unaweza kuitupia mwanzoni mwa chemsho bila madhara, gramu 15 au 20 hivi, ukihesabu mchango wake kama nyongeza ndogo tu. Ikiwa ni jibini, usiitie mwishoni na kamwe usiitie baada ya kuchachuka. Pale hakuna moto wa kufukuza chochote. Unachotia ndicho utakachonusa kwenye glasi.

Kama Cascade mpya haipatikani, usilazimishe. Bia ya Magnum peke yake, yenye uchungu safi usio na mbwembwe, ni bia ya heshima. Ukitamani ule ubalungi, kwangua ganda la balungi moja, ile ngozi ya juu tu, nyeupe iache kwa sababu ni chungu kwa namna mbaya, ulitie dakika tano za mwisho. Haitakuwa Cascade. Itakuwa bia yako.

Sisi huku hopsi zetu siku zote zinafika zikiwa zimeshasafiri. Mmea wenyewe unataka siku ndefu za kiangazi ambazo karibu na ikweta hazipo. Ndiyo maana unastawi Marekani kaskazini-magharibi, Ujerumani na Ucheki, na barani kwetu tunazisikia George, kule kusini mwa Afrika Kusini, walikozalisha aina zinazovumilia siku fupi. (Majirani zako Wachaga hawakungoja meli: uchungu wa mbege wanaupata kwenye gome la msesewe.) Kwa hiyo umri wa hopsi usianze kuuhesabu siku shemeji aliposhuka KIA. Tafuta mwaka wa mavuno kwenye pakiti. Kaskazini mwa dunia wanavuna kati ya Agosti na Septemba, kusini ni mwanzoni mwa mwaka. Pakiti uliyoipokea Desemba inaweza kuwa na miezi mitatu au miezi kumi na mitano, na yote inaitwa mpya dukani.

Wauzaji wengine huandika pia kipimo cha uzee wa hopsi kiitwacho HSI. Hicho hupatikana maabara kwa kuangalia hopsi inavyomeza mwanga wa mawimbi mawili, nanomita 275 na 325. Hopsi mbichi huwa na kama 0.25 hadi 0.3, ikipanda kuelekea 0.5 ujue pakiti imechoka, hata kama tarehe inapendeza. Ukikiona, kiamini kuliko kalenda.

Kuhusu kuhifadhi, shemeji akileta tena, siku hiyo hiyo gawanya pakiti katika vifungu vya gramu 20 au 30, kila kimoja kwenye mfuko wake wa foili, kamua hewa kadiri unavyoweza, ziba kwa pasi ya moto au mashine ya kunyonya hewa kama unayo, andika jina, alfa na tarehe kwa kalamu isiyofutika, friza. Siku ya kupika toa kifungu kimoja tu, na usikifungue kikiwa baridi. Kiache mezani nusu saa, la sivyo unyevu wa hewa utagandia kwenye vidonge. Huko kwenu ni tatizo dogo. Huku Pwani ni mvua.

Na ile Cascade ya jibini? Kama una subira, usiitupe. Karibu na Brussels, Ubelgiji, kuna bia za lambiki ambazo huchachushwa na vijidudu vya hewani, na wapikaji wake hutumia hopsi zilizozeeshwa makusudi miaka miwili mitatu, tena kwa wingi. Hawautaki uchungu wala harufu; wanataka ile nguvu ya hopsi ya kuzuia bakteria wasiifanye bia kuwa chachu kupita kiasi. Kile unachokiona ni hasara kabatini, kwao ni malighafi. Ukifikia siku ya kujaribu bia chachu, itie kwenye mfuko wa karatasi na uiache hapo hapo ilipo.

Ukiamua kuitupa, ifunge vizuri au izike. Hopsi ni sumu kwa mbwa, zilizotumika na zisizotumika, huwapandisha joto la mwili mpaka wanaweza kufa, na nimeshuhudia mbwa wa jirani akifukuzwa kwenye ndoo ya machicha yangu dakika ya mwisho. Njiro kila geti lina mbwa.